Mwenye hela ananunua nyumba za majirani, sisi tunabonyeza "ruhusu"

Kuna swali moja lilimbana Mark Zuckerberg, bosi wa Facebook, siku anahojiwa na maseneta wa Marekani, tarehe 10 Aprili 2018, na wala halikuwa swali la kompyuta. Seneta Dick Durbin alimuuliza tu kistaarabu, je, uko radhi kutuambia jina la hoteli uliyolala jana usiku? Jamaa akakaa kimya kidogo, akaguna, akasema hapana. Watu ukumbini wakacheka. Durbin akaendelea, na wale uliowatumia meseji wiki hii, uko radhi kututajia majina yao? Hapana pia, sio pale hadharani.

Ile klipu nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila nikiiangalia watu wanacheka kwenye swali la hoteli lakini mimi linanikamata lile la pili. Hoteli ni mambo yako mwenyewe. Majina ya watu ulioongea nao sio yako peke yako, ni ya kwao pia, na yule bwana alilijua hilo palepale bila kuambiwa na mwanasheria, ingawa utajiri wake wote umetokana na kujua nani anaongea na nani.

Sasa ngoja niwaambie langu. Miaka kadhaa nyuma nilipakua apu moja, siitaji, hata haina maana maana zote zinafanya hivyohivyo, ikaniuliza kama inaruhusiwa kusoma majina yaliyomo kwenye simu yangu ili "inisaidie kupata marafiki". Nikabonyeza ruhusu. Sekunde moja, hata chai sikuiweka chini. Kwenye ile simu kulikuwa na namba ya mama, ya daktari wangu, ya fundi, ya mtu tuliyeachana kwa ubaya, ya bosi wa zamani, na ya marehemu mmoja ambaye mpaka leo sijapata moyo wa kuifuta. Wote nikawabeba nikawapeleka kwenye seva ya watu nisiowajua, na hakuna hata mmoja niliyemwomba ruhusa.

Mama alikuja kufungua akaunti baadaye, akanipigia simu sauti ya chini kabisa kama mtu anayesikilizwa. "We mwanangu, hii kitu imejuaje kwamba namjua yule mama? Sijaongea naye miaka, na hapa nimeandika jina langu tu na namba." Nikamwambia mama usijali, ni kompyuta tu inabahatisha. Nilikuwa naamini ninachosema, kwa kweli.

Haikuwa inabahatisha.

Nilichojifunza kwa kuchelewa ni kwamba hii habari ya faragha tumeielewa vibaya toka mwanzo, tunaichukulia kama nguo, kila mtu na yake, mimi nikiamua kutembea kifua wazi shauri yangu. Kumbe ni kama paa la nyumba ya kupanga, mmoja akitoboa upande wake mvua inaingia kwa wote. Angalia lile sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, lililolipuka Machi 2018. Apu ya maswali ya kupima tabia, watu kama 270,000 hivi ndo walioiweka, lakini waliochukuliwa data zao Facebook yenyewe ilisema wanafika mpaka milioni 87. Hao wengine wote hawakujibu swali lolote, hawakubonyeza kitu, kosa lao lilikuwa kuwa na rafiki anayependa maswali ya kupima tabia! Na haikuwa wizi wa kuvunja mlango, kipindi kile Facebook ilikuwa inaruhusu apu ichukue mpaka taarifa za marafiki wa mtumiaji, mlango uliachwa wazi kwa makusudi kwa sababu ndo ulikuwa unawaletea watengenezaji wa apu.

Au chukua 23andMe, ile kampuni unayoitumia mate yako inakusomea vinasaba. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 kwa kutumia paswedi zilizovuja kwingine. Ungedhani basi walioumia ni 14,000. Walikuwa milioni 6.9, kwa sababu kampuni ilikuwa na huduma ya kukuunganisha na ndugu zako wa damu, ukiingia kwa mmoja unaona ukoo. Halafu Machi 2025 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika na watu wakaanza kukimbizana kufuta akaunti kabla vinasaba vyao havijapigwa mnada pamoja na mali nyingine. Paswedi unabadilisha. Damu unabadilisha na nini?

Hapo ndo narudi kwa Zuckerberg na hii ndo stori iliyonifanya niandike. Mwaka 2013 ilitoka habari kwamba amenunua nyumba nne zinazozunguka nyumba yake pale Palo Alto, kwa zaidi ya dola milioni 30, na iliyoripotiwa ni kwamba kuna mtu alikuwa na mpango wa kununua kiwanja cha jirani na kukiuza kwa gia kwamba "utaishi jirani na Zuckerberg". Mimi simlaumu kabisa, ningekuwa na hizo hela ningenunua tano. Ila tuelewane alichofanya pale, huyu mtu alijua kwamba siri yake haikai ndani ya geti lake tu, inakaa kwenye dirisha la jirani, kwa hiyo akanunua dirisha. Na huyuhuyu mwaka 2010 alikuwa jukwaani anasema watu siku hizi wameshazoea kushirikishana mambo yao zaidi na wazi zaidi, kwamba jamii imebadilika tu yenyewe. Jamii ipi hiyo, mbona yeye hayumo?

Na sio yeye peke yake. Eric Schmidt akiwa bosi wa Google aliwahi kusema kwenye mahojiano mwaka 2009 kwamba kama una jambo hutaki mtu yeyote alijue, basi pengine usingelifanya kabisa, maneno ambayo hata baba mkali wa zamani angeyaona yamezidi. Elon Musk naye alinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44 kwa jina la uhuru wa kusema, Novemba akaandika kwamba uhuru huo unafika mpaka kwenye ile akaunti inayofuatilia ndege yake binafsi, hataifungia. Desemba akaifungia. Akasema ni usalama wa familia yake, na mimi naamini kabisa aliogopa kweli, mzazi yeyote angeogopa. Lakini wewe na mimi ukiogopa unabonyeza wapi? Unaandika kwenye fomu, unajibiwa na roboti kwamba maoni yako ni muhimu sana kwao.

Nina jamaa yangu tunabishana naye hii ishu kila tukikutana, yeye silaha yake ni moja, "mimi sina cha kuficha". Sawa kaka, wewe huna. Ila simu yako ina meseji za dada yako aliyekuwa anakulilia usiku kuhusu ndoa yake, ina picha za watoto wa mwenzio, ina namba ya mtu anayemkimbia mtu mwingine. Huna cha kuficha ni sawa na mtu anayekaa na funguo za nyumba ya watu halafu anasema yeye haogopi wezi. Nikimwambia hivyo anabadilisha mada anaanza habari ya maiki, kwamba simu zinatusikiliza, jana kaongea habari ya viatu leo kaona tangazo la viatu, sasa hapo si unaona?

Hapa najua nitagombana na wengi lakini mi siamini hiyo ya maiki, angalau sio kwa namna inavyosimuliwa. Simu ikirekodi na kutuma sauti yako saa 24 ungeiona kwenye bando na kwenye betri, na kuna watafiti wa Northeastern University walichunguza apu za Android zaidi ya 17,000 mwaka 2018 hawakukuta hata moja inayorekodi sauti kwa siri, walichokikuta ni apu zinazorekodi skrini, ambayo ukifikiria sio habari njema sana. Sisemi maiki ni salama. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba kuna vibarua walikuwa wanasikiliza vipande vya sauti vya Siri, ile sauti ya kwenye simu za Apple unayoiuliza maswali, vikiwemo vile iliyojiwasha yenyewe, na Apple wakakubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi bila kukiri kosa. Lakini vile viatu, maelezo yake ni ya kawaida na ndo yanaudhi zaidi, yule uliyekuwa unaongea naye alivitafuta mtandaoni, mko kwenye waifai moja, simu zenu zimelala sehemu moja, mtambo unajua nyie ni watu wa karibu na vitu vya huyu huwa vinamfaa na huyu. Haikukusikia wewe, ilimwona jirani yako. Hawahitaji maiki bana, maiki ni kazi nyingi.

Kuhusu ahadi zao nitasema kidogo tu maana nikianza sitamaliza. Facebook ilipoinunua WhatsApp 2014 iliiambia Tume ya Umoja wa Ulaya kwamba haiwezi kuunganisha kwa uhakika akaunti za pande mbili, 2016 ikaanza kuziunganisha, 2017 ikapigwa faini ya euro milioni 110 kwa sababu tume ilikuta uwezo huo ulikuwepo tangu mwanzo na wafanyakazi walijua. Mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, Brian Acton, aliondoka akaja kukiri kwenye jarida la Forbes mwaka 2018 kwamba aliuza faragha ya watumiaji wake. Angalau yeye alisema. Na Twitter, kabla ya Musk hapo, walikuwa wanaomba namba yako ya simu "kwa ajili ya usalama wa akaunti" kumbe inatumika pia kukulengea matangazo, wakalipa dola milioni 150 mwaka 2022. Hii ndo inaniuma kuliko zote, kwa sababu aliyetoa namba ni yule aliyekuwa makini, yule aliyefuata ushauri. Mzembe aliyepuuza alibaki salama kwenye hilo!

Na faini zenyewe, mh. Ile kubwa kabisa ya Facebook ya 2019, dola bilioni 5, ilitangazwa kama kipigo cha karne na siku habari yake ilipovuja bei ya hisa ikapanda. Ikapanda! Mwaka ule waliingiza zaidi ya dola bilioni 70, kwa hiyo faini ni kama mapato ya mwezi mmoja hivi, mtu akikupiga faini ya mshahara wa mwezi kwa jambo lililokutajirisha miaka kumi utalilia wapi, utamshukuru. Mi nadhani wenye hisa waliona jambo moja tu, kwamba bosi anabaki na biashara inabaki vilevile, maana yeye ndo mwenye kura zaidi ya nusu na hakuna wa kumtoa.

Mtu ataniuliza sasa we umefanya nini, umetoka mtandaoni? Sijatoka, naandika haya nikiwa na apu zao tatu zimefunguka na moja imeshaniletea tangazo la kiti. Ndugu zangu wako huko, kazi iko huko, makundi ya misiba na harusi yako huko, kuondoka ni kujizika mwenyewe, na hiyo ndo akili yao, wamehakikisha bei ya kutoka hailipwi na wao. Nilichofanya ni kidogo sana na naona aibu kukiita kitu. Niliingia kwenye mipangilio nikazima ruhusa ya majina kwenye kila apu, moja baada ya nyingine, nikazima na lokesheni isipokuwa ya ramani, na nikatafuta ile sehemu ya kufuta majina yaliyokwisha pakiwa, ambayo imefichwa chini ya menyu ndani ya menyu kama vile mtu aliyeijenga alikuwa na deni na wewe. Nikafuta. Kama yamefutika kweli huko yalikokwenda, hilo sina njia ya kulihakikisha, nina neno lao tu.

Halafu nikampigia mama. Nikamwambia, mama unakumbuka ile siku uliniuliza imejuaje unamjua yule mama? Akasema nakumbuka, ulisema inabahatisha. Nikamwambia ilikuwa sio kubahatisha, ni watu wenye namba zenu wote wawili ndo walizipeleka, na mmoja wao ni mimi.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo we ndo ulinitoa."

"Ndiyo mama. Nisamehe."

"Sasa," akasema, na nikasikia kabisa anasogeza simu mbali na sikio aiangalie, "na mimi iliponiuliza ruhusu, nilibonyeza ruhusu. Nina namba za watu mia tatu na kitu humu, wa kanisani wote. Nianze kumpigia nani?"