Aya ya 280 mnaijua, ya 282 je?

Ijumaa iliyopita tulipotoka msikitini hapa Wete, Pemba, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinishika mkono akaniweka kando. "Mwanangu, nasikia unamtoa mpangaji wenu nyumbani kwa deni la kodi. Mwenye dhiki hungojewa mpaka afarijike." Nikamwambia, "Ni kweli, mzee," nikamuitikia dua yake nikaondoka. Lakini tangu hapo roho haijatulia, na leo nasema.

Maneno yale yamo katika Suratul Baqara, aya ya 280, na hakuna Muislamu wa kuyapinga. Aya mbili mbele, ya 282, ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani nzima, nayo inatuamrisha tuliandike deni la muda maalumu na tuweke mashahidi. Mbona hiyo hatukumbushani tunapotoka msikitini?

Huku kwetu ukimwambia mpangaji muandikiane, umemvunjia heshima. "Kwani hatujuani?" Anaingia kwa maneno ya mdomo, analipa miezi miwili mitatu, kisha zinaanza ahadi: Ramadhani ipite, karafuu ziive, nikishapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nakuletea. Msimu unakuja, majamvi yanatandazwa na kuanuliwa, kodi huioni. Ukienda kudai unakuta dishi jipya juu ya bati na pikipiki uani, na mlango wa choo umeng'oka bawaba umeegemezwa ukutani. Huyo si mwenye dhiki. Mtume (S.A.W.) amesema kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhulma.

Na anayedhulumiwa ni nani? Watu wakisikia "mwenye nyumba" wanamfikiria tajiri wa mahoteli ya Nungwi. Nyumba yetu ni ya urithi. Baba alipofariki, mama alipata thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, iliyobaki tukagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Kodi ikiingia hugawiwa hivyo hivyo, mkekani, noti kwa noti, mama mwenyewe akiangalia. Thumni yake ndiyo dawa zake za presha. Mdogo wetu wa mwisho hata hajabaleghe. Mnaponiambia nistahamili, mnanitaka nisamehe fedha ya mjane na ya yatima. Fungu langu naweza kulisamehe hata leo. Lao nitalisamehe kwa idhini ya nani?

Sikatai, wapo wenye nyumba wanaopokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na bati likivuja hawapokei simu. Karatasi itawafunga na wao. Na kumtolea mtu vyombo njiani au kumkatia umeme sikubaliani nako kabisa. Watoto wake wamekosa nini?

Ninawaomba masheha wetu, viongozi wa serikali katika shehia zetu, jambo moja. Mpangaji mgeni anapokuja kujiandikisha shehiani, mtakeni aje na mwenye nyumba na karatasi yao: kodi kiasi gani, inalipwa lini, nani anatengeneza kikiharibika kitu, na notisi ni ya muda gani. Wote wawili watie saini, na mashahidi wao. Ni kazi ya nusu saa, nayo ingewaepusha na kesi za kila siku zinazowajalia barazani.

Mpangaji wetu nimempa miezi mitatu atafute pengine. Nimempa kwa maandishi, na nakala iko kwa sheha.