Mbuzi Hakuvuta Gari

Mbuzi hakuvuta gari. Nianze na hilo, maana binamu kesharusha picha kwenye grupu la ukoo, la mtaa na la kwaya, na leo asubuhi shangazi kanipigia kutoka Kondoa, hata salamu hakuna, kafanya "meee" halafu kakata simu. Mbuzi alikuwepo, sikatai. Alikuwa mbele ya gari, sikatai. Na kamba ilikuwepo. Nitafika huko.

Pikapu langu mnalijua, lile la petroli, otomatiki, ninalolisifia humu mpaka wengine mmeniblock. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukimya. Unapita nalo sokoni Majengo, hakuna hata muuza nyanya anayegeuka. Ndipo fundi mmoja hapa Dodoma (simtaji, na mnaomjua nyamazeni) akafungua boneti, akagonga boksi la ea klina, lile la kuchuja hewa ya injini, kwa kidole, akatikisa kichwa. "Bosi, hili limevalishwa barakoa. Tulivue lipumue." Akang'oa boksi zima na bomba lake, akafunga bomba pana la alumini na ea klina ya koni, nyekundu, iliyopakwa mafuta.

Nikawasha. Jamani! Lilinguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Jioni ile nilizunguka Nkuhungu, nikaenda Area D, nikarudi Majengo, na kote huko sikuwa na shida yoyote. Usiku taa ya cheki injini ikawaka. Fundi akasema kompyuta ya gari inashangaa nguvu mpya, itazoea. Nikaibandika stika.

Sasa binamu kapata mchumba Manyoni. Nani akajitolea kupeleka wazee wa posa? Msijibu.

Mbele alikaa baba mdogo na fimbo yake, nyuma mjomba, mshenga na binamu ndani ya suti. Mbuzi bodini. Bahi tumepita, Kintinku tumepita, tambarare tupu, nanguruma, watoto wanapunga mikono. Niliona gia zinapanda mapema kuliko kawaida, nikasema huo ndio wepesi wenyewe. Baada ya Kintinku, kwa msiopita njia hiyo, barabara inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Mlima Saranda.

Nikakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, 3,000, 4,000. Mshale wa mwendo ukashuka. Nikakanyaga zaidi. Kelele ikaongezeka, mwendo ukapungua. Baba mdogo akageuza shingo taratibu, akanitazama, akachungulia nje. Kulikuwa na kichuguu. Akanitazama tena, akachungulia tena. Kichuguu kilekile.

"Mwanangu, hili gari linalia nini?"

"Ni nguvu hiyo, baba."

"Imeelekea wapi?"

Kabla sijajibu ikaja harufu ya mafuta ya gia yanayoungua. Gari likashtuka, tka! Likang'ang'ania gia ya tatu na halikutaka nyingine. Kijana mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Alitukuta. "Shikamooni wazee." "Marahaba, mwanangu, hujambo?" "Sijambo." "Mkaa wa wapi huo?" Wakaulizana mpaka habari za mvua, kupitia dirishani, sisi tukiwa garini na yeye kwa miguu. Halafu akaaga, akatuacha.

Mjomba akaamua watu washuke tupunguze uzito. Wakashuka. Mshenga akasema uzito ni uzito, mbuzi naye akashushwa. Mshenga na baba mdogo wakashika nyuma kusukuma, mjomba akatangulia mbele na mbuzi kwenye kamba. Bwana harusi mtarajiwa anapiga picha. Na mimi ndani, peke yangu, nanguruma. Hapo ndipo basi la Singida likatufikia, likapunguza mwendo kwa makusudi, madirisha yote simu. Ile picha mnayotumiana, binamu kakata upande wa mjomba. Ndiyo maana inaonekana kamba inatoka bampa inaenda kwa mbuzi. Haikutoka bampa!

Tulifika. Posa ikapokelewa, baba mkwe akauliza kama mbuzi amepumzika, tukala, yakaisha.

Fundi wa Manyoni, mzee mtulivu, akachomeka mashine ya kupimia na wala hakushangaa. Kumbe kwenye bomba la hewa kuna sensa yenye waya wa moto, unaopozwa na hewa inayopita, na kompyuta inahesabu hewa kwa waya ule. Hesabu imepigwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Bomba likiwa pana, hewa inapita taratibu kwenye waya, kompyuta inasoma hewa kidogo, inaamini injini imepumzika. Inabana petroli. Gia boksi nayo inaambiwa hakuna kazi, inapandisha gia mapema na kupunguza presha ya mafuta yake, kwa hiyo sahani za ndani zinateleza mlimani mpaka zinaungua. Tena yale mafuta ya koni yalishaupaka waya. Na hewa yenyewe inavutwa ya moto, chini ya boneti. Akapitisha kidole ndani ya bomba, kikatoka na vumbi la Dodoma. "Na hili lilikuwa linakwenda kwenye pistoni," akasema, akajifuta.

Dawa ya kwanza, boksi la zamani lirudi. Nikampigia mama watoto alitume kwa basi. Kasema haiwezekani, kuku ameatamia humo tangu juzi. Nikamwambia ahamishe mayai. Kanijibu boksi nililihamisha mimi, kuku hana kosa.

Kuku ni siku 21. Pikapu liko Manyoni chini ya mwarobaini. Mwenye boksi la ea klina na bomba lake, Dodoma au Singida, anitumie bei. Na hii koni nyekundu nauza, haina hata mkwaruzo. Mlio wake, wallahi, hamjawahi kusikia.