Utabiri wenye saa

Wiki hii hapa Lexington, Kentucky, Marekani, simu za watu zina taarifa hii: Alhamisi saa tatu usiku theluji nyepesi. Saa sita usiku, chenga za barafu. Kati ya saa tisa usiku na saa moja asubuhi, mvua inayoganda ikigusa chini, na barafu ya milimita 2 hadi 3 juu ya matawi na vioo vya magari. Ijumaa mchana mvua ya kawaida, Jumamosi nyuzi 7, Jumapili nyuzi 13 na jua. Basi. Kwa maneno hayo machache dereva wa zamu ya usiku anajua atoke lini, mzazi anajua basi la shule huenda likachelewa, na mwenye nyumba anajua chumvi aimwage saa ngapi.

Ukiituma taarifa hiyo kwenye kundi la WhatsApp la nyumbani Tanzania, jibu linarudi moja tu: nyuzi 13 ndiyo mnaita joto? Njombe mwezi wa saba tunaamka na chini ya hapo, tunaenda shamba. Na ni kweli. Kitulo sakitu, yaani umande ulioganda, inaunguza viazi, na hakuna anayefunga shule. Lakini mimi siandiki kuhusu baridi. Ninaandika kuhusu saa.

Utabiri wetu tumeukariri tangu utoto. Taarifa ya habari ikiisha, mikoa inatajwa mmoja mmoja, halafu: hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Maeneo machache yapi ya Dar es Salaam, Mbagala au Bunju? Vipindi vya saa ngapi? Anayeanika dagaa ufukweni mwa Ziwa Victoria anahitaji jua la mfululizo. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka wanavunda, na mzigo uliokuwa wa kuliwa na watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Fundi anayemwaga zege anahitaji kujua saa chache tu zijazo, kwa sababu mvua kubwa ikilikuta zege bichi inaosha saruji juu na kuacha kokoto zimetoa macho. Hao wote wanasikia "maeneo machache" na kuitikia kama mtu anavyoitikia salamu. Hakuna cha kufanya nayo.

Sasa tuangalie jambo gumu lililo ndani ya ile taarifa ya Kentucky, ili mtu asidhani saa hizo wanazibahatisha. Theluji huanzia juu mawinguni. Ikishuka, inaweza kukuta tabaka la hewa vuguvugu iliyotoka Ghuba ya Mexico, kilomita moja na nusu au mbili juu ya ardhi. Humo inayeyuka na kuwa tone. Chini ya tabaka hilo kuna hewa baridi iliyotuama kwenye bonde la mto Ohio, na hiyo ndiyo inayoamua. Ikiwa ni nene, mamia ya mita, tone linapata muda wa kuganda tena angani na linafika chini likiwa chenga inayodundadunda kwenye paa la gari. Ikiwa ni nyembamba, tone halipati muda huo. Linafika bado ni maji, lakini maji yaliyo chini ya sifuri, na likigusa tawi, waya au ngazi ya mlango linaganda papo hapo. Tofauti ya nyuzi moja ya hewa ya juu inabadilisha chenga zisizo na madhara makubwa kuwa kioo juu ya barabara.

Ndiyo maana mara mbili kwa siku puto lenye vipimo hurushwa Wilmington, Ohio, na jingine Nashville, kupima joto la kila tabaka. Na ndiyo maana ofisi ya Louisville ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, inayoihudumia Lexington, haitoi utabiri peke yake. Pamoja nao inaweka hadharani maelezo marefu ya mtabiri: vielelezo vya kompyuta vinapishana wapi, yeye ameegemea upi na kwa nini, na saa ipi bado ana wasiwasi nayo. Mtu yeyote anasoma. Hicho ndicho ninachokionea wivu kuliko rada zao takribani 160. Mtabiri anamwambia mwananchi mashaka yake, kwa saa na kwa eneo, na mwananchi hamcheki.

Na taarifa ikishatoka inageuka kazi. Magari ya barabara hunyunyiza maji ya chumvi ya asilimia 23 kabla ya theluji, ila mvua ikitarajiwa kutangulia hawanyunyizi, kwa sababu itayaosha yote. Chumvi ya mawe hufanya kazi vizuri mpaka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Ikishuka zaidi ya hapo inazubaa, unatafuta kloridi ya kalsiamu. Nyumbani kwako usimwage ndoo nzima. Kikombe kimoja kikubwa cha kahawa, kama gramu 340, kinatosha vipande kumi vya zege vya njia ya miguu, ukitawanya punje ziachane. Ukirundika, chumvi inaishia kwenye majani na kwenye zege lako, barafu iko palepale. Vifuta kioo vya gari viinue usiku ili visigandane na kioo. Asubuhi washa kipasha joto polepole na ukwangue. Maji ya moto yanapasua kioo. Madaraja ogopa kabla ya barabara nyingine yoyote, maana hewa baridi inayapoza juu na chini, ilhali barabara ya kawaida ina udongo chini yake unaotunza joto.

Kuna mambo mawili yanayowaangusha hasa watu wetu wa Kiswahili, na Lexington hawa si wachache, Wakongo wa Kivu wakiwa wengi zaidi.

La kwanza ni maneno. Tanzania ngazi zinapanda hivi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwa hiyo simu ikiandika Winter Storm Watch, mtu anaitafsiri kichwani kuwa angalizo, ngazi ya chini, anaenda kulala. Sivyo. Neno hilo linapima uhakika. Maana yake ni kwamba jambo la hatari linawezekana, mara nyingi siku moja au mbili kabla, ila bado halijathibitika. Linalosema usumbufu mdogo unakuja ni Advisory, na linalosema hatari imeshathibitika ni Warning. Ukisoma Watch, nunua betri, maji na chakula kisichohitaji kupikwa, siku hiyohiyo. Na saa za simu ziangalie vizuri: 3 AM ni saa tisa usiku. Ukiipeleka kwenye saa tatu asubuhi umekosea kwa saa sita, na barafu inaanguka ndani ya saa hizohizo.

La pili ni jiko la mkaa. Barafu ikifika milimita 6 matawi madogo yanavunjika; ikifika 12 yanaangusha nyaya. Januari 2009 Kentucky ililala gizani: zaidi ya kaya na biashara 700,000 zilikosa umeme, nyingine kwa wiki kadhaa, na miongoni mwa waliokufa wapo waliouawa na hewa ya kaboni monoksidi ndani ya nyumba zao. Sisi tumekulia kwenye jiko la mkaa barazani, kwenye jiko la nje lenye upepo, kwenye nyumba ambayo juu ya ukuta kuna matundu. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke. Mkaa ule ule, uliowaka vizuri bila moshi, unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu wanalala wasiamke. Hata gereji iliyofunguliwa mlango haifai. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote. Hili ningependa lisomwe makanisani na misikitini kila Desemba, kwa Kiswahili, kwa sauti.

Sasa nawasikia. "Umepanda ndege juzi, leo unadharau watabiri wetu." Sidharau. Na nitawatetea kwa hoja, si kwa huruma. Utabiri wa ukanda wetu ni mgumu kuliko wa Kentucky. Huku hali ya hewa inasafiri. Mfumo wa dhoruba unatoka magharibi, unaonekana siku tatu nne kabla ukivuka bara, na watu wanauhesabia mwendo kama wanavyohesabu basi la Mwanza. Kwetu wingu la mvua mara nyingi linazaliwa palepale, saa nane mchana, pale upepo wa bahari unapokutana na joto la nchi kavu. Linanyesha Ubungo, Kariakoo kukavu, na ndani ya saa moja limekwisha. Hakuna mtabiri wa Marekani ambaye ukimhamishia Dar es Salaam atakuambia Jumatatu kwamba Ijumaa itanyesha Sinza. Anayewaita watabiri wetu waongo hajui wanapambana na nini.

Lakini ugumu huo hauzuii kusema saa. Unabadilisha tu namna ya kuisema. Huku wanasema asilimia 40, wakimaanisha kwamba mahali ulipo, ndani ya muda uliotajwa, kuna nafasi 40 kati ya 100 ya kunyesha angalau robo milimita. Si asilimia 40 ya mji, wala si asilimia 40 ya siku. Mtu wa dagaa akiambiwa saa mbili mpaka saa sita mchana ni asilimia 10, saa nane mpaka jioni ni asilimia 60, anaanika mapema na kuanua saa saba. Hajaahidiwa kitu. Amepewa cha kupimia.

"Watu wetu hawaelewi asilimia." Wanaelewa mkeka wa kubeti, wanaelewa riba ya vikoba mpaka shilingi ya mwisho. Wataelewa.

"Mvua ni ya Mungu." Ni ya Mungu, na bamvua, maji makuu ya bahari, pia ni la Mungu. Mbona mvuvi wa Bagamoyo anahesabu siku za mwezi, anajua bamvua lini na maji mafu lini, na hatoi ngalawa kwa kubahatisha? Wazee wa pwani walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 ulioanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, ambao Makunduchi, Zanzibar, bado wanauadhimisha kwa Mwaka Kogwa, na waliugawa kwa miongo ya siku kumi kumi: mwongo huu unapanda, mwongo ule unangoja upepo. Huo ulikuwa utabiri wenye tarehe na kazi ndani yake. Kwa hiyo anayesema ninaleta mambo ya Wazungu aanze kwanza kuwauliza babu zake.

Na tunaweza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikitoa taarifa moja baada ya nyingine, ikitaja kilipo na kinaelekea wapi. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama kabla hakijafika karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4. Nilijivunia, na bado najivunia. Kinachonikera ni kwamba umakini ule tunauweka kwa kimbunga, halafu masika yanakuja kila mwaka, yanaifunga kwa mafuriko barabara ileile ya Jangwani, Dar es Salaam, na sisi tunarudi kwenye maeneo machache.

Kuna atakayesema basi angalau huku kwenu Jumapili ni jua, mshapona. Hapana, ndipo taarifa inapohitaji kusomwa mpaka mwisho. Joto la kwenye simu hupimwa mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi. Hewa ikisoma nyuzi 2, lami ya kivulini inaweza kuwa bado chini ya sifuri. Ijumaa mchana mvua itaacha maji kila mahali, usiku kutashuka tena chini ya sifuri, na maji hayo yatakuwa ile barafu nyembamba ambayo Wamarekani huiita nyeusi ingawa haina rangi: unaona lami imelowa tu. Angalia chini ya bomba la maji ya paa, linapomwaga juu ya njia ya miguu. Hapo ndipo watu wanapovunjika viuno, siku ambayo kila mtu anasema dhoruba imeisha. Elekeza bomba hilo kwenye majani Ijumaa kabla giza halijaingia, na kikombe cha pili cha chumvi kimwage saa moja jioni, maji yakiwa bado maji.