Kale kadoti ka kijani sio babu, ni balbu

Naanza na ugomvi wa grupu la familia maana ndo umenifanya niandike hii kitu. Tulikuwa na dua ya arobaini ya babu pale Ujiji, Kigoma, usiku, watu wamejaa barazani, balbu moja ya mirija inaning'inia juu upande wa kulia, bibi kakaa chini kwenye mkeka upande wa kushoto kajifunika kanga yake. Nikapiga picha moja ya haraka nikairusha grupuni. Hazikupita dakika tano shangazi kaikuza, kaichora duara jekundu, kaandika kwa herufi kubwa MNAONA NINACHOKIONA? Kumbe pembeni ya kichwa cha bibi kuna kadoti ka kijani kanang'aa hivi, kadogo kama punje ya mtama. Basi hapo ikawa subhanallah juu ya subhanallah, binamu aliyeko Dar akasema mzee kaja kuaga, mjomba yeye akasema acheni hizo, hiyo ni simu feki, kijana kauziwa simu feki.

Mi nikabaki katikati. Hawa wananiambia nimepiga picha ya roho, huyu ananiambia nimetapeliwa, na wote hawajakaa sawa.

Sa ngoja nieleze. Lenzi ya simu sio kioo kimoja kama miwani, mle ndani kuna vipande vidogo vya plastiki vimepangwa kama sahani kabatini, simu nyingi za sasa zina vitano, sita au saba, halafu mbele kuna kioo cha kukinga na nyuma kabisa kuna sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, na kabla ya sensa kuna kichujio cha mwanga. Kila uso wa kioo kitupu unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Chukua vipande sita tu, ni nyuso 12, visingekuwa na mpako ungepoteza zaidi ya theluthi ya mwanga kabla haujafika kwenye sensa, na mwanga huo uliorudishwa haufi, unadunda humo humo ndani kama mpira chumbani. Ndo maana lenzi zinapakwa mpako mwembamba sana wa kuzuia mwanga kurudi, kitu ambacho Alexander Smakula wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, alikileta mwaka 1935, na mpaka leo tunaishi nacho. Ila mpako hauzuii rangi zote sawasawa, kinachopenya ndo kile kijani au zambarau unachokiona.

Kwa taa ndogo kali kwenye giza inakuwa hivi: mwanga wa balbu unafika kwenye sensa, sehemu yake inarudi juu, inagonga kichujio au lenzi, inashuka tena kwenye sensa ila safari hii upande wa pili. Ndo maana kadoti siku zote kanakaa ng'ambo ya taa. Chora mstari kutoka kwenye taa upite katikati kabisa ya picha, endelea umbali ule ule, utakakuta kamekaa pale kanakusubiri. Picha ya bibi balbu iko juu kulia, kadoti chini kushoto. Nikaikuza mpaka ikaanza kupasuka, na aisee kale kadoti kana umbo la mirija ya ile balbu, imepinduka miguu juu.

Nikaandika hayo yote grupuni. Shangazi akajibu: "Mwanangu, wewe kila kitu lazima ukielezee?"

Ukweli sina shida na anayeamini anachoamini. Shida yangu ni hii tabia ya kuona kitu kwenye picha na kukimbilia majibu mawili tu, ama ni maajabu ama simu mbovu, wakati kipo tu wazi kwamba ni mwanga umeingia usikotakiwa. Mi napiga picha kwa simu za watu na ya kwangu, sherehe ndogo ndogo, kipaimara, mahafali, picha za bidhaa za akina mama wa sokoni wanaouza kwa status, na naweza kukwambia malalamiko saba kati ya kumi ninayoletewa dawa yake ni kipande cha fulana safi. Hiyo sijafanya utafiti, ni hesabu ya kichwani tu.

Maana huku kwetu kuna mawese. Nisikilize vizuri hapa. Mtu kala ugali na migebuka iliyoungwa mawese, kanawa maji bila sabuni, kashika simu, kidole cha shahada kimelala pale pale kwenye kamera. Baadae anapiga picha usiku, taa ya dukani inatoa mstari mrefu wa mwanga unaokata picha yote kama upanga, anasema kamera imeingia maji. Haijaingia maji, imeingia mawese! Na kuna kitu nilikigundua kwa kucheza cheza tu: ukifuta lenzi kwa kidole kutoka juu kwenda chini, mafuta yanabaki kwenye vimistari vya wima, na mwanga unachirizika kulala, kulia kushoto. Ukifuta kwa kulala, mchirizi unasimama. Jaribu leo usiku na taa ya jirani, utacheka mwenyewe. Mchirizi unaokatiza vile vimistari vya mafuta unakwambia mpaka ulivyofuta, halafu hema na pumzi ya moto kidogo, futa kwa kitambaa safi cha pamba, piga tena. Umepona.

Wakikwambia weka kile kioo cha ziada cha kulinda kamera, mi nasema usiweke. Najua wauzaji watanichukia. Umeongeza nyuso mbili, tena za kioo ambacho hujui kama kina mpako wowote, na hapo katikati vumbi linaingia, na hapa kwetu kiangazi vumbi halina huruma. Mimi mwenyewe nilipasua kioo cha kamera mwaka jana, nikampelekea fundi mmoja mjini, kanibadilishia kwa dakika kumi, bei rahisi, nikafurahi. Usiku wake kila taa ikawa na shungi la ukungu kama mtu anayetazama akiwa amelia. Nilivyorudi akaniambia "bro hiyo ni programu, apudeti simu". Nikaapudeti, nikamaliza bando, ukungu uko pale pale. Mwisho nikaenda kwa mwingine, kakitoa kile kioo, kakiweka juani, kakageuza geuza, akanionyesha: kimekwaruzika kabla hata hakijafungwa na gundi imevuja kwa ndani. Kioo cha elfu chache kimeharibu kamera ya laki kadhaa.

Haya, jua. Kigoma tunakaa mashariki mwa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo jua linazama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo, na kila mtu mwenye simu anataka kupigwa picha hapo hapo, mgongo kwa jua, Kibirizi, Bangwe, Katonga, popote penye mchanga. Yaani mji mzima unapiga picha kinyume na mwanga kila jioni. Halafu tunashangaa nyuso zimefifia na kuna mapovu ya rangi yamejipanga toka kwenye jua mpaka kwenye kitambi cha bwana harusi.

Dawa yangu ya kwanza ni mkono. Jua likiwa nje kidogo ya picha, ile ndo hatari zaidi maana hulioni kwenye skrini ila linapiga lenzi kwa ubavu na picha yote inakuwa kama imemwagiwa maziwa. Kinga na kiganja juu ya simu kama unavyokinga macho, utaona rangi zinarudi hapo hapo. iPhone 5 ilipotoka mwaka 2012 watu walikuja juu kwamba inatoa ukungu wa zambarau jua likiwa pembeni, na jibu la Apple lilikuwa karibu hilo hilo ambalo hata mama yako angekupa: sogeza kamera kidogo au kinga kwa mkono, kamera ndogo nyingi ndo zilivyo. Watu walikasirika, waliona wanadharauliwa. Mi naona walijibiwa ukweli ila kwa bei ile ya simu ukweli unauma.

Dawa ya pili ni mgongo wa mtu. Mweke bibi harusi ili kichwa chake kifunike jua kabisa, unapata nywele zimezungukwa na dhahabu na hamna povu hata moja. Ya tatu ni uvumilivu: subiri jua liingie nyuma ya milima, kuna kama dakika 20 hivi bado kuna mwanga mzuri laini, na hapo ndo wengi wameshafunga simu wanagombania bodaboda.

Ila sio kila povu nalifuta. Kuna picha ninayo ya wavuvi wanatengeneza nyavu, jua liko chini kabisa, mchirizi mmoja umeshuka kwenye mtumbwi, ukiutoa picha inakufa. Jua la kwetu ni kali na picha iseme hivyo. Sikubali tu likipita usoni kwa mtu, mtu kalipa aonekane.

Usiku sasa, kipindi cha giza bila mwezi, ndo raha yenyewe. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, zamani karabai sasa hivi nyingi ni za LED, ziwa linakuwa kama mji mwingine umejengwa majini. Niliwahi kupiga kutoka kilimani nikajisifu kwa jamaa, nikamwambia hesabu mitumbwi hiyo, akahesabu. Baadae nikageuza ile picha kichwa chini pembeni ya ile ya mwanzo nikakuta taa kibao, zile za kijani hafifu juu kwenye anga, ni pacha za zile za chini. Mitumbwi ilikuwa inavua mawinguni! Simu zingine siku hizi zinajaribu kuvifuta vidoti zenyewe, na kuna programu za kufuta kwa kidole, sawa, ila usiku kama ule programu itajuaje ipi taa ya mvuvi na ipi kivuli?

Na hapo ndo naingia kwenye ile kitu nyingine, kingo za zambarau. Piga picha mchikichi kutoka chini, saa sita mchana, anga jeupe nyuma. Kuza ncha za makuti. Utaona kila kijiti kimepakwa wanja wa zambarau, wakati mwingine upande wa pili kijani. Watu wengi hawaoni mpaka wakiprinti kubwa, halafu ndo wanakuja na maneno.

Hii sio kudunda kwa mwanga, hii ni lenzi kushindwa kuzikutanisha rangi. Bluu na zambarau zinapinda zaidi kuliko nyekundu zikipita kwenye kioo, kwa hiyo kijani kikiwa kimekaa sawa kwenye sensa, zambarau imetawanyika kidogo inamwagikia pembeni, na pale anga linapokuwa limeungua jeupe ndo inaonekana. Ni ugonjwa wa zamani kuliko simu na kuliko picha zenyewe. Newton aliona hautibiki kwa lenzi, akaamua kutengeneza darubini ya kioo cha kujitazamia mwaka 1668, ikabidi tusubiri mpaka Dollond, fundi wa lenzi wa London, achukue hataza mwaka 1758 ya kuunganisha vioo vya aina mbili ili kimoja kirekebishe makosa ya mwenzake. Kwa hiyo simu yako ya laki mbili na nusu ikishindwa kidogo kwenye makuti ya mchikichi, ivumilie. Gusa sehemu ya anga kwenye skrini, shusha kale kaalama ka jua kanakotokea ili mwanga upungue, nusu ya zambarau inapotea hapo hapo. Au hama, tafuta ukuta au mwembe uwe nyuma badala ya anga tupu.

Kufuta baadae mi naogopa. Kuna mama aliniletea kazi ya vitenge, kimoja kina maua madogo yenye kingo za zambarau, nimempigia nje, duka liko kwenye mwanga mkali, nikaona zambarau kwenye mabati nikavuta kile kitufe cha kuondoa kingo za rangi mpaka mwisho. Mabati yakapona. Nikamtumia, akanipigia: "Mwanangu, hiki kitenge cha kijivu umekitoa wapi?" Programu haijui zambarau ya lenzi na zambarau ya kiwandani, yenyewe inaona zambarau pembeni ya kitu inapausha. Nilirudi kupiga upya, bure, chini ya turubai, na mteja mmoja alikuwa ameshaagiza cha kijivu.

Turudi kwa shangazi. Nilienda Ujiji Ijumaa nikakaa nae barazani, nikawasha kamera bila hata kupiga, nikamwambia angalia kwenye skrini. Nikasogeza simu kulia, balbu ikaenda kushoto, kadoti kakaenda kulia. Nikainua, kakapanda wakati balbu inashuka. Nikaziba balbu kwa kidole mbele ya lenzi, kakazimika. Nikamuachia simu achezee mwenyewe, akacheza muda mrefu kweli, hasemi kitu, bibi anatuangalia tu anakula karanga. Akanirudishia simu, akasema haya.

Nikajua tumemaliza. Juzi usiku mwezi mpevu, wavuvi wamelala nyumbani, napata meseji, sio grupuni, ni kwangu peke yangu. Picha ya mwezi juu ya mwembe wao, na chini upande wa pili kuna kamwezi kengine kadogo ka kijani. Kaandika: "Na huu nao ni balbu?"

Nikamuuliza kama amefuta lenzi kwanza. Tiki zimekuwa za bluu, hajajibu mpaka leo.