Chupa ya Hamira au Mtungi: Usalama wa Gesi ya Mimea Katika Matangi ya Samaki

Miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Kampala na Entebbe, anayetaka mimea istawi ndani ya tangi lake hushauriwa aanze na chupa ya sukari na hamira inayotoa kaboni dioksidi, gesi ambayo mimea huitumia kukua, kwa kuwa ni rahisi na salama, na mtungi wa gesi hiyo awaachie wenye fedha wasioogopa kuweka gesi ndani ya nyumba. Kuhusu gharama, ushauri huo una mashiko. Kuhusu usalama, nadhani umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Haja ya gesi yenyewe haina ubishi mkubwa. Maji yaliyoachwa wazi hubaki na chini ya miligramu moja ya kaboni dioksidi kwa lita, ilhali wapandaji wengi hulenga takriban miligramu 30. Chupa huitoa kwa vitu vya jikoni, pamoja na mpira mwembamba na kijiwe cha kauri cha kuvunja mapovu, na kwa mwanafunzi mwenye tangi dogo nafuu hiyo si ya kubezwa.

Shida ni kwamba chupa haifungiki. Hamira hula sukari usiku na mchana, na mpira ukizibwa, shinikizo hupanda hadi chupa ipasuke. Gramu 200 za sukari zikichachuka zote hutoa takriban gramu 100 za gesi. Zikienea kwa wiki tatu, ni kama gramu 5 kwa siku, na siku za mwanzo huwa zaidi. Tangi la lita 60 lililofikia miligramu 30 kwa lita limebeba gramu 1.8 tu. Sasa umeme ukatike saa mbili usiku na urudi saa kumi alfajiri. Chujio limesimama, uso wa maji umetulia na gesi haitoki kwa wepesi. Mimea, ambayo gizani haitumii kaboni dioksidi, inagombania oksijeni na samaki. Na chupa inaendelea kusukuma. Kwa saa hizo nane inaweza kuongeza gramu 1.6, na hata nusu yake tu ikiyeyuka, kiwango kinapita miligramu 40. Tukumbuke pia kwamba Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko maji ya joto lilelile Mombasa. Samaki wakikutwa asubuhi wanahema juu ya maji, hulaumiwa gesi kwa jumla, na mtungi ambao haukuwapo nao huingizwa kwenye kesi.

Mtungi wenye regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi inayotoka) na vali ya umeme hufanya kinyume: umeme ukikatika, vali hujifunga. Hata umeme ukiwapo, taima huifunga taa zinapozimwa. Hofu ya moto nayo imetokana na kuuchanganya mtungi huu na ule wa kupikia, ilhali kaboni dioksidi haiwaki, na ndiyo inayojazwa katika baadhi ya vizimamoto. Wachomeleaji vyuma na viwanda vya soda huitumia kila siku.

Mtungi una hatari zake, tena za kweli. Ndani yake mna shinikizo la zaidi ya mara 50 ya hewa ya kawaida, kwa hiyo husimamishwa wima, hufungwa usianguke, na hukaa mbali na jua, katika chumba chenye hewa, kwa sababu gesi ikivuja hutuama chini. Regyuleta ya hatua moja inaweza kuachia gesi kwa wingi mtungi unapokaribia kuisha. Ya hatua mbili hupunguza sana tatizo hilo, lakini bei yake ni kubwa, na hapo upande wa chupa una hoja nzito.

Hata hivyo, asiyeweza kununua mtungi hana lazima ya kurudi kwenye chupa. Valisneria na seratofilamu, mimea inayoota hata katika Ziwa Victoria, zinaweza kutumia bikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka majini kwa umbo jingine lisilo gesi, na anubiasi hukua polepole kiasi kwamba haidai gesi ya ziada. Kwa tangi la namna hiyo, mwanga wa wastani wa saa sita hadi nane kwa siku unatosha. Ukizidi, mwani ndio utakaonufaika.