Wingu linafuata upepo upi?

Pale Feri, Dar es Salaam, wingu likitanda, wanaosubiri pantoni ya Kigamboni hawakosi ubishi. Mmoja atasema mvua huletwa na upepo, basi upepo ukivuma kutoka baharini, wingu lililoko upande wa Pugu, kwenye vilima vya bara, halitufikii. Mwenzake anamcheka, ameshaloweshwa mara nyingi na mvua iliyokuja kinyume na upepo.

Huyu wa pili ameona kweli, ila anautazama upepo usiohusika. Wingu la radi hupanda kilomita 10 na zaidi, na kinacholisukuma hasa ni wastani wa pepo za huko juu, si huu unaopeperusha kanga. Tena lenyewe huvuta hewa ya chini, ndiyo maana upepo unaweza kulielekea huku linakuja. Kisha ubaridi unashuka ghafla, vumbi linatimka, upepo unageuka. Hapo tafuta pa kujibanza.

Yapo hata hivyo mawingu yasiyoutii upepo wa juu. Kasi ya upepo ikiongezeka sana kadiri unavyopanda, hewa hubiringika ikiwa imelala, kama mti wa kusukumia chapati. Mkondo unaopanda huikunja juu katikati, ikabaki miguu miwili, kila mmoja ukizunguka kinyume cha mwenzake. Mgandamizo wa hewa unapungua kila upande, mikondo mipya inachipuka humo, na dhoruba moja inakuwa mbili: moja inakata kulia kwa upepo, nyingine kushoto. Wanasayansi wa hali ya hewa Klemp na Wilhelmson waliionyesha kwa kompyuta mwaka 1978. Kule Marekani, dhoruba ya kulia ndiyo hudumu zaidi. Argentina, iliyo kusini mwa ikweta kama sisi, ni ya kushoto. Kinachochagua ni jinsi upepo unavyogeuka kutoka chini kwenda juu.

Je, Dar tuanze kuangalia kushoto? Sioni haja. Tuko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, na kwa kawaida tofauti ya pepo za juu na za chini haifikii kiwango hicho. Nakubali kwamba wingu likijigawa, mtabiri anayetegemea wastani atapotea: njia ya Bunkers ya mwaka 2000, ya kutabiri mwendo wa dhoruba za namna hii, hukadiria mchepuko kutoka kwenye wastani huo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa.

Kwetu shida ni nyingine. Pepo za juu zikilegea, wingu linatuama. Likituama juu ya Pugu, maji yanashuka na Mto Msimbazi mpaka bonde la Jangwani, katikati ya jiji, ambako pengine hata tone halijadondoka.