Arabuko-Sokoke kwa baiskeli: kilomita si kipimo, soma mchanga na upepo

Anayetaka kuendesha baiskeli kutoka Malindi, pwani ya Kenya, kwenda msitu wa Arabuko-Sokoke huanza kwa kuuliza umbali. Hesabu ni nyepesi: Gede ni kama kilomita 16, Watamu kama 24, Jilore kama 20 kwa upande wa bara. Nyanda za pwani hazina vilima vya kutisha, kwa hivyo ukitazama ramani utadhani njia zote ni sawa. Haziko sawa hata kidogo. Kwa maoni yangu, safari yoyote ya kuzunguka Arabuko-Sokoke huamuliwa na mambo mawili, mchanga na upepo, na umbali huja wa tatu.

Tuanze na mchanga, kwa kuwa ndio unaowaangusha wengi. Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa zaidi uliobaki kati ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake mna misitu mitatu, kila mmoja na ardhi yake. Mashariki, upande wa Gede na hori ya Mida, miti imechanganyika na ardhi ni ya kijivu, imeshikana kiasi. Katikati umepita ukanda wa miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe, laini, usio na rutuba. Magharibi ndiko kwenye udongo mwekundu na vichaka vilivyosongamana. Mvua nayo hupungua kadiri unavyoingia bara: mashariki hupata milimita 1000 na zaidi kwa mwaka, kaskazini-magharibi 600 tu.

Kwa baiskeli, maana yake ni hii. Tairi ya milimita 28, ile ya baiskeli za mashindano, mwisho wake ni lami. Ukiingia nayo kwenye mchanga wa mirihi, gurudumu la mbele huzama, usukani hujikata wenyewe, nawe unashuka na kusukuma. Ardhi ya kijivu inataka tairi ya 38 au 40. Mchanga mweupe unataka 45 kwenda juu, na hata hapo lazima upunguze upepo wa tairi. Kwa mtu wa kilo 70, paundi 70 hadi 75 zatosha kwa tairi ya 28 kwenye lami, 35 hadi 40 kwa tairi ya 40, na karibu 25 kwa tairi ya 45 mchangani. Ukitoa upepo kupita hapo huku ukitumia tyubu, jiwe au mzizi utaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili sambamba. Ukiona matundu mawili hivyo, usipoteze muda kutafuta mwiba. Ongeza upepo baada ya kuziba.

Mchangani usitumie breki ya mbele wala usikate kona kwa ghafla. Teremsha gia kabla ya kuufikia, rudisha uzito nyuma, kaza miguu kwa mwendo uleule, na usukani ushike kwa mikono iliyolegea. Anayekazana na usukani ndiye anayeanguka. Udongo mwekundu ukiwa mkavu ni mgumu na huwa na mikunjo kama bati, hivyo huchosha mikono. Ukilowa hujaa kwenye breki na chini ya matagadi mpaka gurudumu likwame. Masika, hasa Mei, upande wa magharibi uache kabisa.

Sasa upepo. Kusi, upepo wa kusini, huvuma toka Aprili mpaka kama Septemba, kaskazi, ule wa kaskazini, toka Desemba hadi Machi, na kati yake mna wiki za utulivu. Barabara ya Malindi hadi Gede huelekea kusini-magharibi. Wakati wa kusi, basi, ondoka alfajiri wakati upepo bado haujapata nguvu, upambane nao ukiwa na miguu mibichi, kisha urudi ukisukumwa. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka: utafika Gede bila kutoka jasho, halafu urudi na upepo usoni kwenye jua la saa nne. Ndiyo maana Januari na Februari naona ni busara kuelekea kaskazini kwanza, uvuke daraja la mto Sabaki mpaka Mambrui, ugeuze. Ni njia tambarare na haihitaji maelezo mengi.

Kusi lina hatari moja isiyosemwa sana. Ukirudi Malindi, upepo hukujia kutoka mkono wa kulia, na bila kujua unakuwa umeinamia upande huo. Lori likikupita hukata upepo ghafla, nawe unavutika kuelekea kwenye magurudumu yake. Likishapita, upepo hukusukuma nje ya lami. Ukisikia mngurumo nyuma, kaa wima, punguza mwendo kidogo, legeza viwiko, usiendeshe kwa mkono mmoja.

Hii ndiyo barabara kuu ya Mombasa, yenye mabasi, matatu na malori. Ukingo wa lami umemegeka sehemu nyingi na chini yake ni mchanga. Mpanda baiskeli akipigiwa honi hujitupa pembeni, gurudumu la mbele likateremka, na kosa kubwa huja pale anapojaribu kupanda tena lami sambamba na ukingo: tairi huteleza kwenye ule ukingo naye akaangukia barabarani. Ukishuka, punguza mwendo huko huko mchangani, angalia nyuma, kisha panda kwa kuukata ukingo kwa pembe kubwa, au ushuke uinyanyue baiskeli. Kwa kawaida kaa hatua moja ndani ya lami, si juu ya ukingo wenyewe, ili uwe na nafasi ya kukwepea.

Hapa lazima niseme wazi: kipande cha Malindi hadi Gede kinastahili njia ya baiskeli iliyotengwa, pande zote mbili. Simwombei mtu wa baiskeli ya mashindano. Wanaoihitaji ni wanafunzi, wabeba madafu, wenye mitungi ya maji minne nyuma ya kiti, watu ambao baiskeli kwao ndiyo gari la kazi na hawana uchaguzi wa saa ya kutoka. Ardhi ni tambarare na haina milima ya kuchonga. Kuwaacha wagombanie hatua moja ya lami na mabasi si haki.

Ukifika Gede una njia mbili. Ya kushoto ni lami fupi ya kwenda Watamu, yenye tuktuk na bodaboda nyingi, na inapita karibu na magofu ya mji wa kale yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Ya kulia ni msitu wenyewe, kupitia kituo cha misitu kilicho kandokando ya barabara kuu. Hapo jiandikishe, lipa, na chukua mwelekezi. Kuna ndovu ndani, na vichaka ni vizito kiasi kwamba unaweza kumfikia ndovu hatua ishirini kabla hujamwona. Kinyesi kibichi chenye unyevu kikiwa njiani, geuza. Nenda polepole pia kwa ajili ya sange, yule mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, anayekatiza njia bila kutazama.

Njia ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ya kaskazini: Malindi, Ganda, Kakuyuni, Jilore. Msitu unakuwa kushoto na bonde la Sabaki kulia, na huko ndiko liliko Ziwa Jilore. Ziwa hili hunyweshwa na mafuriko ya mto, kwa hiyo baada ya mvua kubwa utakuta maji na ndege, na baada ya ukame mrefu utakuta tope lililopasuka. Tairi ya 35 au zaidi ndiyo ya kuendea. Usisogee ukingoni mwa mto asubuhi mapema wala jioni, maana Sabaki ina viboko na mamba.

Upande huo miiba ya migunga ni mingi. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu na vyuma viwili vya kutolea tairi. Ukipata pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi mpaka kinase, kwani mwiba ukibaki utatoboa tyubu mpya baada ya mita mia. Kiraka hubanduka kwa sababu ya haraka: kwaruza tyubu, paka solusheni nyembamba, ngoja dakika tano mpaka ikauke isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Cheni usiipake oili ya injini kama mafundi wengi wanavyofanya. Ikichanganyika na mchanga husaga meno ya gia. Mafuta mepesi, tone moja kwa kila pingili, kisha upanguse yote yaliyo nje. Ukipita Watamu au Mambrui, suuza baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa spoku zinapoingia kwenye rimu, kwa maana chumvi huanzia hapo.

Maji ni chupa ya mililita 750 kwa kila saa, na chumvi kidogo ndani yake. Barabara kuu ina maduka na madafu kila baada ya muda mfupi. Baada ya Kakuyuni usitegemee hivyo: jaza chupa zote hapo, na kama saa imeshapita tatu asubuhi, geuzia hapo hapo.